Mahasidi Wanakaa Wapi?

Liko somo moja ambalo vijana wetu hulisoma bila ya kitabu, bila ya mwalimu na bila ya mtihani, nao hulijua kuliko hesabu. Somo lenyewe ni hili: jihadhari na watu wako wa karibu, kwa sababu wanakuonea wivu. Kijana hulisoma limeandikwa kwa rangi ndani ya matatu anaposafiri asubuhi kwenda shule. Hulisikia katika nyimbo, katika mahubiri, katika mashauri ya shangazi, na katika ujumbe wa simu uliotumwa na mtu ambaye naye alitumiwa na mtu mwingine. Afikapo shule ya upili huwa amekwisha kuhitimu. Anajua kwamba tabasamu la rafiki lina sumu, kwamba ndugu akiuliza habari za masomo anapeleleza, na kwamba mwenye heri hana budi kuificha heri yake kama mwizi afichavyo mali ya wizi.

Mimi ni mwalimu, na kazi niliyopewa ni kufundisha masomo mengine. Lakini kwa kuwa somo hili huingia darasani mwangu kila siku pamoja na wanafunzi, nimeona ni haki yangu kulipinga. Nasema kwamba ni somo baya. Sisemi kwamba husuda haipo duniani. Ipo, na mbele kidogo nitaieleza kwa ushahidi ambao hapana awezaye kuukanusha. Nasema kwamba namna tunavyofundishana kuiogopa imekuwa mbaya kuliko husuda yenyewe.

Kwanza na tufanye hesabu. Mwaka mmoja niliwauliza wanafunzi wa kidato cha tatu, watu 46, ni nani kati yao amepata kuonewa wivu na mtu wa karibu. Mikono yote iliinuka isipokuwa miwili, na mmoja katika wale wawili alikuwa amesinzia. Niliwauliza tena ni nani kati yao amepata kumwonea wivu mtu wa karibu. Palikuwa kimya. Mkono mmoja uliinuka nusu, kisha mwenyewe akajikunia kichwa kwa mkono huo huo. Basi walioonewa walikuwa 44, na walioona hapakuwa na hata mmoja. Nilipata kuuliza maswali hayo hayo kwa mzaha katika chumba cha walimu, hesabu ikatoka vile vile. Ndipo nilipoanza kujiuliza: mahasidi wanakaa wapi? Kama kila nyumba ya mtaa imeibiwa na katika mtaa mzima hamna mwizi, ama wezi hutoka mbinguni, ama kuna watu hawakusema kweli.

Lugha yetu si maskini katika jambo hili. Tunalo neno wivu, ambalo siku hizi limebebeshwa mizigo yote, lakini ambalo hasa ni uchungu wa mtu kwa kile anachokihesabu kuwa chake, kama mume kwa mkewe. Tunalo neno husuda, nalo ni zito zaidi: ni kutaka neema ya mwenzako imwondokee, hata kama haitakufikia wewe. Na katikati tunalo neno kijicho. Hili ndilo nilipendalo kwa ukweli wake. Kijicho ni jicho dogo, jicho lililofinywa. Nalo jicho, liwe kubwa au dogo, huona kila kitu ila lenyewe. Mwenye kijicho hajui kwamba anacho. Yeye hudhani kwamba anaona upungufu wa mwenzake: kwamba mwenzake amepewa cheo asichostahili, kwamba amependelewa, kwamba amebadilika tangu apate. Kwa hiyo wanafunzi wangu hawakusema uongo kwa kusudi. Walitazama ndani ya nafsi zao, wakakuta haki tupu.

Watu huuliza kwa nini husuda hutoka kwa walio karibu, na huuliza kama kwamba ni ajabu, au ni dalili kwamba binadamu wa siku hizi wameharibika. Si ajabu, wala si jambo la siku hizi. Aristotle, mwanafalsafa wa Uyunani aliyefariki mwaka 322 kabla ya Kristo, aliandika kwamba watu huwahusudu walio karibu nao kwa wakati, kwa mahali, kwa umri na kwa sifa. Nenda soko la Fig Tree, Ngara, nilikokaa miaka kadhaa, usimame kati ya marobota ya mitumba, utamwona Aristotle akithibitishwa na watu ambao hawakupata kulisikia jina lake. Muuza suruali hamhusudu mwenye jengo refu lililo ng'ambo ya mto Nairobi, katikati ya mji. Jengo lile yeye hulitumia kwa kujikinga jua tu. Humhusudu muuza suruali wa meza ya pili, ambaye leo amefungua robota zuri kuliko lake na wateja wamemzunguka. Mwalimu naye hamhusudu waziri. Humhusudu mwalimu wa dawati la jirani. Katika mchezo wa Shakespeare juu ya Julius Caesar, ambao Mwalimu Nyerere aliutoa kwa Kiswahili mwaka 1963, Cassius hamwonei Kaisari uchungu kwa sababu Kaisari ni mkubwa. Humwonea uchungu kwa sababu alipata kuogelea naye mtoni, akamwona akishindwa na maji na kuomba kuokolewa. Mtu uliyemwona akitapatapa majini ni vigumu kumstahimili akiwa juu ya kiti.

Ni sharti niseme neno jingine hapa, lisije likachanganywa na hili. Ngara hiyo hiyo, zamani za ukoloni, ilikuwa mtaa wa Wahindi. Wazungu walijitengea vilima vya magharibi na kaskazini, na Waafrika waliwekwa upande wa mashariki, katika Pumwani, Kaloleni na mitaa mfano wa hiyo. Mwafrika aliyepita Ngara akatazama nyumba za mawe ambazo sheria na desturi ya mji vilimkataza kukaa, kisha akakasirika, hakuwa hasidi. Hakutaka nyumba ile ibomoke. Alitaka mlango usifungwe kwa sababu ya rangi. Madai ya haki hufanana na husuda kwa mbali, kama moshi wa jikoni unavyofanana na moshi wa nyumba inayoungua, na wenye nacho wa kila zama hupenda sana watu wasiweze kutofautisha. Ukisema kwamba mishahara haikugawanywa vyema, utajibiwa kwamba una wivu. Hilo ni jibu rahisi kuliko majibu yote, kwa kuwa halihitaji kufungua daftari.

Nami nimeliona likitumika hivyo kwa macho yangu. Nilikuwa katika chama cha akiba, sisi watu 15, kila mtu akitoa fedha zake kila mwisho wa mwezi. Mwaka wa pili mmoja wetu, mwanamke mtu mzima asiye na maneno mengi, alimwomba mtunza hazina alete daftari. Mtunza hazina hakuleta daftari. Alilia. Alisema kwamba tangu anunue gari amejua wazi ni nani wanaomchekea usoni na kumsema kisogoni, na kwamba hakudhani mama aliyemheshimu kama mzazi angekuwa wa kwanza. Tulimhurumia sote. Yule mama aliomba radhi, naapa, aliomba radhi mbele yetu. Daftari lilipoonekana, miezi 7 baadaye, fedha zilikuwa zimekwisha. Tangu siku ile nikisikia mtu anasema kwamba anaonewa wivu, swali langu la kwanza ni kama kuna kitu ameulizwa.

Utasema, msomaji, kwamba hayo ni mambo ya fedha kidogo, na kwamba kuwashuku watu wa karibu ni hadhari tu, haimwui mtu. Inaua. Katika itikadi za watu wengi wa nchi yetu, mchawi haui kwa sababu ya kiu ya damu. Huua kwa kijicho. Amekuona mtoto wako amefaulu, ng'ombe wako amezaa, paa lako limeezekwa bati, naye hakupenda. Kwa hiyo baada ya msiba, swali huwa ni lile lile la matatu na la ujumbe wa simu: ni nani wa karibu ambaye hakufurahia heri yetu? Mwezi wa Mei mwaka 2008, katika nchi ya Kisii, watu 11, wengi wao wanawake wazee, waliuawa kwa kuchomwa moto kwa tuhuma hiyo. Mwezi wa Oktoba mwaka 2021, katika Marani, Kisii hiyo hiyo, wanawake wanne wazee waliuawa kwa tuhuma hiyo hiyo. Waliofanya hivyo si maadui waliovuka mpaka. Walikuwa watu wa huko huko, watu waliowajua waliouawa kwa sura na kwa majina.

Ng'ambo ya mpaka, katika nchi ya Wasukuma, Tanzania, wanawake wazee wameuawa miaka mingi, na mojawapo ya ushahidi juu yao lilikuwa macho mekundu. Jicho jekundu lilisemwa kuwa jicho la uchawi. Lilikuwa jekundu kwa sababu mwenyewe alipika maisha yake yote kwenye moshi, penye uhaba wa kuni akawasha mavi ya ng'ombe. Ndiko kunakofika watu wanaodai kuisoma husuda katika nyuso za wenzao. Walitazama jicho la bibi aliyewapikia, wakasoma kijicho.

Na katika Kilifi, pwani ya Kenya, ambako wazee wametuhumiwa na kuuawa kwa miaka mingi hata pakawa na kimbilio la kuwahifadhi huko Kaya Godoma, imesemwa mara nyingi na viongozi na watu waliolichunguza jambo hili kwamba nyuma ya tuhuma huwamo shamba. Mzee ana ardhi, vijana wa ukoo wanaitaka. Hawasemi kwamba wanaitaka. Husema kwamba mzee anawahusudu. Hebu tazama jinsi neno lilivyogeuzwa: mwenye kukitamani cha mwenzake ndiye anayepiga kelele za kuonewa wivu, na mwenye mali ndiye anayekimbia usiku. Sheria ya Uchawi ya mwaka 1925 ilifanya kosa kumshitaki mtu uchawi hivi hivi, lakini sheria haikuweza kufanya kosa kumtazama babu yako kwa shaka wakati wa chakula cha jioni, na hapo ndipo mambo huanzia.

Wapo watakaonijibu kwa kisa cha Yusufu, nami nakiheshimu, kwa kuwa ni kisa kitukufu katika dini zetu mbili. Katika Kurani, baba yake anamwonya asiwasimulie ndugu zake ndoto yake. Katika Biblia anaisimulia, na tena baba yake amemvika joho ambalo wengine hawakupewa. Sina neno juu ya shauri la baba yule. Lilitolewa kwa mtoto mmoja, juu ya ndoto moja, na mzazi aliyewajua wanawe. Nina neno juu ya wasomaji. Nimewasikia watu wengi wakikieleza kisa hiki, na kila mmoja wao ni Yusufu. Kisima ni chake, joho ni lake, na ndoto ni zake. Lakini waliomtupa kisimani walikuwa ndugu kumi, na aliyetupwa alikuwa mmoja. Mtu akitaka kujua yeye ni nani katika kisa kile, na atumie hesabu kabla ya kutumia matumaini. Wala simwoni mtu akiuliza juu ya lile joho: kama mzazi anayempendelea mwana mmoja mbele ya wenzake kumi hana sehemu yake katika kisima. Wazazi wenye kumlipia mwana mmoja shule nzuri na kumwacha mwingine nyumbani, kisha wakashangaa kwamba ndugu hawapendani, wakisome kisa hiki tena tangu mwanzo.

Sasa nimekuja kwenye ahadi yangu. Nilisema kwamba husuda ipo na kwamba ninao ushahidi.

Nilipotoka chuo cha ualimu nilipanga vyumba viwili Ngara, si mbali na soko, pamoja na rafiki yangu ambaye tulisoma naye chuo kimoja na kulala bweni moja. Ndugu yake mdogo, kijana aliyemaliza shule bila ya kupata njia, alikaa nasi. Rafiki yangu aliomba ufadhili wa kusomea shahada ya pili. Nami niliomba mwaka uliotangulia, nikakataliwa. Siku moja ya Ijumaa, yeye akiwa likizoni kwao, tarishi alileta bahasha, akamwachia mlinzi wa lango, na mlinzi akanipa mimi. Nilijua ni ya nini kwa muhuri wake. Niliitia katika mfuko wa koti nikakusudia kumpigia simu jioni. Jioni nilikuwa na madaftari ya kusahihisha. Jumamosi nilikwenda harusini. Jumapili nilikumbuka nikiwa kanisani, nikasema nikitoka, nikatoka nikasahau. Nilimpigia Jumatatu usiku. Usaili ulikuwa Jumanne saa tatu asubuhi. Alisafiri usiku kucha, akafika amechelewa na bila ya cheti kimoja, na nafasi akapewa mtu mwingine.

Naomba uangalie neno nilililotumia: nilisahau. Kama ungeniuliza siku ile, ningeapa kwamba nilisahau, nami ningeapa kweli. Sikumbuki hata dakika moja niliyojiambia kwamba namzuia. Ndivyo husuda ya mtu wa karibu inavyofanya kazi. Haina pembe, wala hainong'oni usiku. Ina madaftari ya kusahihisha. Lakini barua yangu mwenyewe isingalikaa mfukoni siku tatu.

Aliporudi aliuliza bahasha ilikaa wapi. Nilisema kwamba nilikabidhiwa nimechelewa. Mlinzi alikuwa amehamishwa wiki ile, na mara nyingi aliyepokea vitu langoni alikuwa yule kijana. Rafiki yangu alimshuku ndugu yake. Alikuwa na sababu, kwa maana kijana alikuwa mtu wa kununa, na siku kadhaa kabla walikuwa wamegombana kwa sababu ya nauli. Alinijia mimi kwa shauri. Nami, Mungu anisamehe, nilitikisa kichwa na kumpa methali: kikulacho ki nguoni mwako. Mwezi ule kijana aliondoka nyumbani.

Methali ile ni ya kweli, ila tumeisoma vibaya. Inamtaja chawa, na chawa hajulikani kwa kushukiwa. Hujulikana kwa kuuma, na hutafutwa katika mshono wa nguo kwa subira, wala mtu mwenye akili hachomi nguo. Rafiki yangu alikuwa na alama ya kuumwa, lakini hakupekua mshono. Angalimwuliza mlinzi alikohamia, angaliniuliza mimi ni siku gani na saa ngapi, angalituketisha sote watatu mezani akasema: bahasha ilifika Ijumaa, ikanifikia Jumatatu, naomba kila mtu aeleze njia yake. Nisingaliweza kustahimili meza ile. Badala yake alitazama nyuso. Uso wa ndugu yake ulikuwa umekunjamana, na wangu ulikuwa umejaa huruma.

Kwa hiyo wanafunzi wanaponiuliza wafanyeje na watu wa karibu wanaowaonea wivu, mimi siwaambii wajifiche. Siri nyingi huwafanya wapelelezi wengi. Nawaambia waitangaze heri yao wenyewe, mapema, kwa maneno machache, kwa watu wa nyumbani kwanza, kabla haijafika huko kwa njia ya jirani ikiwa imeongezwa chumvi. Tena wasiitangaze kwa kumsimanga mtu. Walimwengu tumefika mahali ambapo mtu akinunua viatu husema kwamba mahasidi watakoma, na hajulikani hasidi mwenyewe ni nani wala viatu vimemkosea nini. Mambo yenye uzito, kama vile fedha, karatasi na mirathi, yawekwe kwa maandishi na kwa mashahidi, si kwa sababu ndugu ni mbaya bali kwa sababu maandishi humlinda ndugu mwema asishukiwe. Na atendaye ubaya aulizwe ubaya wake, kwa tarehe yake, usoni pake. Asiyetenda kitu aachwe.

Hapa hunipinga. Husema: je, asiyenipongeza? Je, yule aliyegeuza mazungumzo nilipomwonyesha matokeo yangu? Nawajibu kwamba furaha ya mwenzako si deni analodaiwa. Binti aliyepata alama ya D hawezi kuruka kwa furaha ya A ya dada yake siku ile ile, na si haki kumtaka aruke. Ameumia. Kuumia si dhambi, na wala si vita. Mpeni siku tatu. Wengi hurudi wenyewe siku ya nne wakaleta pongezi zilizopoa kidogo lakini za kweli, nao wakikuta wamekwisha kuandikwa katika orodha ya mahasidi, hawarudi tena. Tumewapoteza ndugu wengi kwa namna hii kuliko tulivyowapoteza kwa husuda.

Na kwa yule ambaye kijicho kimemwingia yeye mwenyewe, nasema akitoe kwa ulimi kingali kidogo. Amwambie mwenzake: nimefurahi kwa ajili yako, na kidogo nimeumia, kwa maana nami nilikitaka. Ni sentensi ngumu. Nimeijaribu mara mbili katika maisha yangu, na mara zote mbili aliyeambiwa hakukasirika. Laiti ningaliisema Ijumaa ile kwa simu, bahasha ingalisomwa jioni ile ile.

Nilimweleza rafiki yangu baada ya miaka miwili. Wakati huo amekwisha kupata ufadhili mwingine, na nadhani ndiyo sababu nilithubutu. Alinyamaza kitambo kirefu. Kisha hakuuliza kwa nini nilifanya vile. Aliuliza, "Umekwisha kumwambia yeye?"

Nilimfuata yule kijana sokoni, ambako sasa ana meza yake ya suruali. Nilimweleza mbele ya wateja, kwa kuwa hakuniacha nimvute kando. Aliendelea kukunja suruali aliyokuwa nayo mkononi, akaipanga juu ya nyingine, akaninyoshea pindo.

"Mwalimu," alisema, "siku ile nilikuwa dirishani. Nilikuona ukiipokea."

Nilimwuliza kwa nini hakumwambia kaka yake.

"Ningemwambia nini? Wewe ulikuwa rafiki yake, tena mwalimu. Mimi nilikuwa nakula bure. Ningesema, mngesema ni wivu."

Aliniuliza kama nataka suruali. Nilinunua moja, nikalipa bei aliyoitaja, naye akanirudishia chenji yote. Kaka yake alimwendea wiki iliyofuata kumwomba msamaha, na msamaha alipewa. Lakini katika nyumba ya kaka yake hajalala tena hata usiku mmoja. Huonana harusini na mazishini, na mdogo ndiye hukaa karibu na mlango.